UZI: Paa la umeme la gari la kulala limegoma kushuka, nipo Raskazone Tanga

mkazi_raskazone

Wakuu, salaam. Nina gari la kulala, Mazda Bongo Friendee, lile lenye paa linaloinuka kwa umeme. Natembezea wageni: Mapango ya Amboni, Pangani, wakitaka baridi tunapanda Lushoto. Leo jioni nimeinua paa hapa Raskazone wageni wapunge upepo. Wamekaa, wamekunywa chai, wameridhika. Kuja kushusha, nabonyeza kitufe nasikia "tak" moja darini, basi. Halishuki, na nikijaribu kulipandisha hata unywele halisogei. Nimezima gari nikawasha, yale yale.

Upande wa bahari kumefunga wingu, na mvua za vuli mnazijua, hazibishi hodi. Naweza kulivuta kwa mikono nikipata vijana wawili? Kama hapana, nianze kukagua wapi? Gereji niliyopigia wamenijibu gari la namna hiyo hawajawahi hata kuliona.

Kijana_wa_Kange

Tanga waja leo waondoka leo, paa lako peke yake ndilo limeamua kuhamia.

FundiUmeme_Ngamiani

Usilivute. Vijana wawili wenye nguvu ndio hatari zaidi, maana watafanikiwa. Paa la mota limeshikwa na gia ambazo kazi yake ni kuzuia lisijiangukie. Ukilivuta upande mmoja unapinda mikono yake ya chuma, na hata umeme ukirudi halitakaa tena kwenye raba. Hapo ndipo utakapoijua mvua.

Sasa nijibu haya. Ukibonyeza kitufe taa za ndani zinafifia au zinabaki vile vile? Mota inanguruma au kimya kabisa? Betri inasoma volti ngapi? Gia iko P na breki ya mkono umevuta? Nauliza hilo la mwisho kwa sababu magari mengi yenye paa la namna hii hayaruhusu lichezeshwe mpaka gia iwe P na breki ya mkono iwe imevutwa, mtu asije akaondoka na paa liko juu akakutana na mwembe. Kama taa ya breki ya mkono haiwaki kwenye dashibodi, kile kiswichi kidogo chini ya mkono wa breki kinaweza kuwa ndicho mchawi.

Na usiku wa leo, kabla hujaingiza kichwa popote, tafuta mbao mbili za mbili kwa nne, zikate urefu wa uwazi wa paa, zisimamishe kulia na kushoto. Paa lililokwama juu lisiaminiwe. Halafu funika turubai juu ya gari zima, kamba zipite chini ya bampa, wageni watafutie pa kulala.

dereva_wa_milimani

Nafuatilia. Ninalo kama hilo, limeanza kupanda kwa kusuasua.

mkazi_raskazone

Asante Fundi. Mbao nimepata kwa jirani anayejenga, turubai tumefunga. Majibu: betri inasoma 12.5 gari ikiwa imezimwa. Gia iko P, breki ya mkono juu, taa yake inawaka. Nikibonyeza, taa za ndani hazitikisiki. Mota kimya. Hiyo "tak" inatoka darini, upande wa nyuma.

FundiUmeme_Ngamiani

Umenipunguzia nusu ya kazi.

Betri ikisoma 12.5 imetulia, ina nguvu ya kutosha. Ingekuwa 12.2 ningekuambia iko nusu, na chini ya 11.8 ningekuambia tusiongee habari za paa, tuongee chaja. Taa zingefifia sana ukibonyeza, maana yake mota inavuta umeme mwingi lakini imekwama: jiwe, kitambaa kimejibana, mkono umekauka. Kwako hazififii, kwa hiyo umeme haufiki kwenye mota, au unafika wa kuombaomba. Na "tak" ni relei inayoitika, yaani swichi ndogo ya umeme inayoamriwa na kitufe ipeleke umeme kwenye mota. Kitufe kizima, masharti ya gia na breki yamekubaliwa. Ugonjwa uko baina ya relei na mota.

Jambo la pili. Mifumo mingi ya paa ina relei mbili, moja ya kupanda na moja ya kushuka, zinageuza mwelekeo wa umeme kwenye mota. Paa lako halipandi na halishuki. Siamini relei mbili zimekufa jioni moja. Mtuhumiwa wangu ni kitu ambacho zote mbili zinakichangia: waya wa chanya unaozilisha, au waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Kwa gari linalolala Raskazone, mimi naweka dau langu kwenye hasi.

Sasa kupima. Mafundi wengi wanaweka multimita, wanaona 12, wanasema umeme upo, mota imeungua, leta hela ya mota. Multimita hailazimishi waya kufanya kazi. Waya ambao umebakiwa na uzi mmoja mzima ndani ya plastiki utakuonyesha volti 12 kamili, kwa sababu mita haivuti chochote. Mpe mzigo ndipo utamjua. Chukua balbu ya taa ya mbele ya wati 55, iunge nyaya mbili. Ikiwaka inavuta karibu ampea 4.6. Iwashe kwanza moja kwa moja kwenye betri, uone mwanga wake halisi. Kisha chomoa soketi ya mota, ziunge nyaya za balbu pale pale mota ilipokuwa, mtu abonyeze kitufe. Mwanga ukiwa mweupe kama wa betrini, umeme unafika, mota ndiyo mgonjwa. Ukiwa wa njano uliolegea, kuna mahali umeme unaliwa.

Hesabu yake ni ndogo. Kiungo chenye kutu chenye ukinzani wa omu 0.2 hutakishtukia kwa macho. Lakini mota ikidai ampea 15 kupitia hapo, volti 3 zinapotea pale pale na kugeuka joto. Mota ya volti 12 inaambulia 9 na mzigo wa paa juu yake. Kiungo kikizidi kuoza mota haipati hata hizo.

Balbu ikiwa dhaifu, chukua waya mnene kutoka hasi ya betri moja kwa moja, gusisha pale hasi ya relei inapofungwa. Balbu ikiruka ghafla ikawa nyeupe, umemkamata.

mwananchi_mpole

Shikamoo Fundi. Kwa nini asipige dairekti tu kutoka betri mpaka mota, paa lishuke, mambo mengine kesho?

FundiUmeme_Ngamiani

Marahaba. Inawezekana na mimi nimeshafanya kwa mtu aliyekwama porini, lakini ukiunga dairekti umeziruka swichi za mwisho, zile zinazoiambia mota "umefika, simama". Paa likifika chini mota haijui, inaendelea kusukuma mpaka jino la gia likatike. Anayefanya hivyo aweke fyuzi kwenye huo waya, ashike waya kwa mkono bila kuufunga, na awepo mwingine nje anayetazama paa pande zote mbili na kupiga kelele. Mtu peke yake, hapana.

BintiMuheza

Mimi langu lilikuwa na ugonjwa mwingine, naweka hapa ili anayesoma baadaye apate. Lilikuwa linapanda upande, kulia kunatangulia, kushoto kunafuata kwa uvivu. Nikaambiwa mota ya kushoto imechoka. Kabla ya kununua, fundi mmoja wa madirisha ya alminiamu (si hata wa magari) akaniuliza, "dada, reli umezisafisha lini?" Akapita na kitambaa kwenye njia ile anayotembelea mkono wa kushoto, akatoa vumbi jekundu la barabara za huku limeshikana na grisi mpaka limekuwa udongo. Reli ya kulia ilikuwa na hali nafuu kwa sababu upande ule ndipo tunapopitisha matandiko, panafutwafutwa.

Akasafisha kwa mafuta ya taa kidogo na brashi ya meno, akakausha, akapulizia silikoni. Limepanda sawa mpaka leo. Akanikataza grisi nzito kwenye reli iliyo wazi, inashika vumbi.

FundiUmeme_Ngamiani

Huyo fundi madirisha nampa mkono. Naongeza moja tu: paa likipanda upande, usiendelee kubonyeza ukitumaini litajinyoosha. Achia, rudisha chini, tafuta kinachozuia.

dereva_wa_milimani

Naona mimi wangu ndio ule. Natoka Mombo napanda Lushoto kila wiki, vumbi tunakula sote.

MzeeWaChumbageni

Vijana mnajitesa. Mimi ni mchomeleaji. Toeni mota, toeni nyaya, wekeni mikono ya gesi kama ya buti la gari, miwili kulia na kushoto. Unafungua lachi, unasukuma, paa limepanda. Hakuna relei, hakuna kutu ya waya, hakuna kulala nje. Umeme na bahari havijawahi kuelewana.

dereva_wa_milimani

Mzee, shikamoo. Hilo nimelifikiria. Ila mikono ya gesi nayo ina vituko vyake. Gesi ikipoa inapungua shinikizo. Hapa Tanga mchana wa nyuzi 32 mkono unasukuma vizuri, ukifika Lushoto asubuhi ya Julai, nyuzi 12, umepoteza kama asilimia 7 ya nguvu. Ukiuchagua wa kutosha Lushoto, hapa Tanga kulivuta paa chini unaning'inia. Mke wangu hawezi.

MzeeWaChumbageni

Marahaba. Asilimia 7 si kitu, unaweka kamba ya kuvutia.

mhandisi_asiye_na_ofisi

Naingilia kwa heshima, Mzee. Tatizo si hizo asilimia 7, ni mahali mkono unapofungwa. Chukua paa lenye urefu wa mita 2 lenye bawaba upande mmoja, na godoro lake na taa zake lifike kilo 60. Uzito wake unakaa katikati, mita 1 kutoka bawaba. Ukifunga mikono ya gesi sentimita 50 kutoka bawaba, kuinua paa kunadai jumla ya nguvu karibu nyutoni 1,180, yaani karibu 590 kila mkono, na hiyo ni kama mkono umesimama wima. Paa likiwa limefungwa mkono umelala, kwa hiyo unadai zaidi ya hapo, pengine mara mbili au tatu kutegemea pembe. Nguvu yote hiyo inasukuma bolti nne ndogo zilizoshika bati jembamba, mchana na usiku, paa likiwa limefungwa. Nimeona bati lililotoboka hivyo.

Na mtu akishaweka paneli ya sola juu na kereti ya mizigo, hesabu yote inaanza upya. Kwenye paa la mota vile vile, kwanza. Wengi wanaolalamika mota imechoka, waulize wamepandisha nini juu.

MzeeWaChumbageni

Bati unalipigia pleti kwa ndani. Kazi ni kazi. Lakini hesabu yako nimeikubali, mimi nilikuwa napima kwa bega.

Kijana_wa_Kange

"Napima kwa bega" 😂 Mzee heshima yako.

mkazi_raskazone

Wakuu, nimerudi na habari njema.

Asubuhi nimefanya kama Fundi alivyosema. Balbu kwenye betri: nyeupe, huwezi kuitazama. Balbu kwenye soketi ya mota: nyuzi tu zimekuwa nyekundu, hata kivuli haitoi. Nikavuta waya mnene kutoka hasi ya betri, nikagusisha kwenye bolti ya hasi ya relei, balbu ikawaka nyeupe. Kijana wangu aliyekuwa anabonyeza kitufe akaruka.

Kufungua kava ya dari upande wa nyuma nikakuta kichekesho. Aliyetangulia kumiliki gari aliongezewa taa za ndani, na aliyezifunga akahamisha ule waya wa hasi wa paa, akaufunga pamoja na wa taa zake kwenye kipande cha alminiamu kwa bolti ya chuma kisichoshika kutu. Bolti yenyewe inang'aa, huwezi kuidhania. Lakini pembeni yake pametoka unga mweupe, na kichwa cha waya kimekuwa cha kijani. Nilipoukunja waya kidogo, plastiki ilibaki na shaba ndani ikavunjika kama makaa. Juu yake ndipo maji yanapochuruzika, raba ya paa pale kwenye kona imekauka na ina mpasuko.

Nimekata waya mpaka nilipopata shaba nyekundu safi, nimeunga kipande kipya mnene zaidi, nimekibana na kichwa kipya, nikakihamishia kwenye chuma cha bodi nilichokipiga msasa mpaka kikang'aa, nikapaka grisi juu baada ya kukaza. Nikaondoa mbao, nikamsimamisha kijana nje. Bonyeza: paa likashuka kama siku ya kwanza. Kushuka, kupanda, kushuka. Hata sauti ya mota imebadilika, sasa inaimba.

Fundi, unadai soda.

FundiUmeme_Ngamiani

Soda nitaifuata mwenyewe Raskazone, na samaki juu.

Ulichokikuta ndicho chumvi inachokifanya pwani nzima, na wengi wanalaumu "kutu" bila kuielewa. Chuma kile kisichoshika kutu na alminiamu vikigusana halafu vikaloweshwa na maji ya chumvi, vinakuwa betri ndogo. Anayeliwa ni alminiamu, ndio ule unga mweupe. Kwa hiyo bolti inabaki mpya na kilichoishika kinaisha. Ukilazimika kufunga namna hiyo kwa ajili ya kubana tu, si kwa ajili ya umeme, weka washa ya plastiki katikati na grisi. Kama ni njia ya umeme, tafuta chuma cha bodi.

Sasa hiyo raba iliyopasuka usiiache. Waya mpya utaoza kama ule wa zamani.

BintiMuheza

Raba hiyo ipakwe nini isikauke? Mimi nilikuwa nataka kupaka vaselini.

FundiUmeme_Ngamiani

Vaselini paka kwenye teminali za betri, dada. Kwenye raba za milango na paa hapana, wala grisi ya kawaida wala oili chafu. Raba hizi nyingi zinavimba na kulegea zikikaa na mafuta ya petroli. Silikoni ya kupulizia ndiyo yake: pulizia kwenye kitambaa kisha upake, usipulizie hovyo ikaingia kwenye rangi. Iliyokwisha kupasuka haiponi, ibadilishe.

mwenyeji_wa_horohoro

Nisaidieni na hili, linafanana. Mgeni wangu mmoja ametokea Mombasa akaingia kwa Horohoro na VW California, nalo ni gari la kulala lenye paa la kuinuka. Paa linainuka hadi nusu, pampu inalia, linasimama. Kuna mafuta yamelowesha kitambaa kwenye kona. Fundi mmoja njiani alitaka kujazia mafuta ya breki, nikamzuia kwanza mpaka niulize.

FundiUmeme_Ngamiani

Ulifanya la maana sana kumzuia. Hilo si la gia na mota kama la mkazi_raskazone. Ni la haidroliki: mota ya umeme inaendesha pampu, pampu inasukuma mafuta kwenye silinda, silinda zinainua paa. Kupanda nusu na pampu kulia ni dalili mafuta yamepungua, na mafuta hayapungui bila kutoka. Umeshaonyeshwa yanapotokea, ni kwenye kona iliyolowa. Kagua mpira na kichwa cha silinda upande ule.

Mafuta ya breki ni ukoo mwingine kabisa. Yakiingia kwenye mfumo uliotengenezwa kwa mafuta ya haidroliki ya madini, sili za ndani zinavimba na kuharibika, na hapo unanunua silinda badala ya mpira. Soma kilichoandikwa kwenye tangi la pampu au kitabu cha gari, weka hayo hayo. Na usitafute mvujo kwa kupitisha kidole kwenye mpira wakati pampu inasukuma. Mafuta ya shinikizo yakitoka kwenye tundu dogo yanapenya ngozi, na hilo ni la hospitali ya Bombo siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kama cha sindano. Tumia kipande cha boksi.

mhandisi_asiye_na_ofisi

Magari hayo tangu kizazi cha T5, mwaka 2003, yanaundwa na VW wenyewe kiwandani Hannover. Kabla yake yalikuwa yanapitia kampuni ya Westfalia. Nasema hivi kwa sababu anayetafuta spea mtandaoni atakutana na majina yote mawili, na za zamani hazifungi kwenye mpya. Paa la hizo T5 ni la alminiamu. Mwambie mgeni atazame kingo zake rangi inapovimba kama malengelenge, hasa raba inapogusa. Akae wiki chache huku bila kuosha chumvi atayaona.

mwenyeji_wa_horohoro

Sasa atalishusha vipi aendelee na safari?

FundiUmeme_Ngamiani

Mifumo ya haidroliki kwa kawaida ina valvu ya dharura kwenye pampu, unaifungua kwa ufunguo wa pembe sita, mafuta yanarudi tangini na paa linashuka kwa uzito wake. Kitabu cha gari kitamwonyesha ilipo. Watu wawili walisindikize kwa mikono pande mbili, lisije likatua kwa kishindo. Halafu afunge valvu, na mkanda mmoja wa kufungia mizigo upite juu ya paa na ndani ya milango. Asiende mwendo mkubwa mpaka apate fundi.

dereva_wa_milimani

Na jamani, wakati wa kushusha, fungueni mlango mmoja. Sioni mtu amesema. Paa likishuka hewa iliyomo ndani inatafuta njia, ikikosa inasukuma kitambaa nje, kinabanwa kati ya paa na bodi. Mimi kitambaa changu kina alama nne za kubanwa hivyo. Ukimaliza, zunguka gari, ingiza vidole kila upande, kitambaa kiwe chote ndani.

fundi_turubai_barabara_ya_12

Naona mmefika kwangu. Mimi nashona maturubai na viti vya magari hapa Ngamiani, na vitambaa vya mapaa haya nimeshona kadhaa. Kinachovimaliza ni unyevu wa kufungiwa, jua linakuja nyuma yake. Mtu amenyeshewa Pangani usiku, asubuhi ana haraka, anashusha paa na kitambaa kimelowa, anapaki gari nyumbani masika nzima. Akija kufungua, madoa meusi yameota na harufu ya stoo ya korosho iliyovuja.

Anakuja kwangu ameshatia jiki. Jiki inatoa weusi kweli, lakini inakula nyuzi za mshono na ule utando unaozuia maji. Kitambaa kinakuwa cheupe na kinavuja. Osha kwa maji ya baridi na sabuni laini, brashi ya manyoya, suuza sana, kikauke paa likiwa juu siku nzima yenye upepo. Kikikauka kabisa ndipo unapaka dawa ya kuzuia maji kwenye mishono, siyo kabla. Ukipaka juu ya unyevu umeufungia ndani.

Zipu ya dirisha ikigoma usiivute kwa koleo. Sugua mshumaa kwenye meno yake. Na zipu za chuma pwani hii msiniletee tena, zinaoza kabla sijalipwa.

BintiMuheza

Mkinyeshewa na lazima mwondoke?

fundi_turubai_barabara_ya_12

Shusha, ondoka, lakini ukifika tu liinue tena hata kabla ya kushusha mabegi. Saa chache za kulowa hazina neno.

mwananchi_mpole

Fundi Umeme, kwa mtu wa pwani servisi ya paa hili ifanywe vipi na kila baada ya muda gani? Andika mara moja tu-save.

FundiUmeme_Ngamiani

Sina ratiba ya kitabu, nakupa ninavyofanya mwenyewe.

Kila ukitoka ufukweni, maji baridi ya kawaida, paa likiwa limefungwa kwanza halafu limeinuliwa kidogo uoshe kingo. Mpira wa bustani unatosha. Mashine ya presha kaa nayo mbali na raba, inasukuma maji pale yasipotakiwa kufika. Kabla ya masika na kabla ya vuli, yaani Machi na Oktoba, hapo ndipo napitia yote kwa utulivu: reli na mikono kufutwa na kuwekwa silikoni, bolti zote kukazwa kwa mkono si kwa bega la Mzee wetu, raba kukaguliwa kwenye kona, na kila soketi ya umeme ya paa kuchomolewa. Hiyo ya soketi wengi wanairuka. Ukiichomoa utaona kama pini zina kijani. Kama ipo, pulizia dawa ya kusafishia viungo vya umeme, chomeka na kuchomoa mara kadhaa zijisugue, maliza na grisi ya umeme kidogo.

Lipandishe na kulishusha angalau mara moja kwa mwezi hata kama husafiri. Paa linalokaa limefungwa miezi linagandana na raba zake, siku ya kuliinua mota inaanza kwa kung'oa raba. Na wakati wa kuinua acha injini ikinguruma, betri inapata volti 14 na kidogo badala ya 12, mota haiteseki.

Upepo wa kusi ukiwa mkali usiliinue hapo Raskazone. Ukilazimika, elekeza upande wa bawaba kwenye upepo, ule mdomo ulio wazi uutazame ukuta au miti.

Kijana_wa_Kange

Swali la mwisho nisiwachoshe: fyuzi ya paa langu inakatika kila nikiinua. Nimeambiwa niweke kubwa zaidi. Niweke ngapi?

FundiUmeme_Ngamiani

Ile ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi, na uzi wa waya wa shaba usiuweke hata kwa kwenda nyumbani. Fyuzi inalinda waya unaopita ndani ya dari, na dari ni sponji na kitambaa. Inakatika kwa sababu mota inavuta kuliko kawaida: reli chafu, paa limeelemewa, au waya umechubuka mahali unapokunjwa kila paa likipanda. Toa mizigo yote juu, safisha reli, jaribu tena. Ikikatika bado, ufuate waya kwa vidole toka kwenye dari mpaka kwenye mota, hasa pale kwenye kona ya bawaba, ukitafuta mahali plastiki ilipolainika au kupasuka. Hapo ndipo utakapomkuta.

Kijana_wa_Kange

Nina kereti la juu na magodoro mawili ya ziada. Naanza na hayo.